Koleo la Mzee Msengi

Sogeeni karibu. Mwenye karanga agawe, mwenye usingizi akanawe uso. Hadithi yangu ni ya watu watatu waliokuwa na vipaji vitatu, na kijicho kimoja walichogawana kama ndugu.

Katika mji mmoja wa nyanda za kati, mji wa alizeti na upepo, ofisi ya umeme ilikuwa na kikosi kidogo cha mita za viwanda. Ndekirwa alikuwa na macho. Mita hata iwe imefunikwa na vumbi, yeye alizisoma tarakimu zake akiwa bado mlangoni, na akishaziona hazisahau. Mkumbo alikuwa na ulimi. Mlinzi mkali alimfungulia geti huku akicheka, na meneja aliyenuna alimwagizia chai. Sikitu alikuwa na mikono. Mita iliyokataa kwa kila fundi, kwake ilifunguka bila mkwaruzo.

Sasa, macho husifiwa, na ulimi hujisifu wenyewe. Mikono je? Sikitu alifanya kazi kichwa kikiwa ndani ya kabati la chuma, na alipotoka alikuta sifa zimekwisha kugawiwa. Roho ilimuuma. Ndekirwa akipongezwa, yeye wali wa mchana ulimwishia utamu. Mkumbo akiwachekesha wateja, alitamani ulimi ule ujing'ate. Nao wenzake hawakuwa malaika, kwani walimwonea wivu yeye kila mkuu wao alipompa kazi za hatari. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Hawa watatu walikuwa nazo tele.

Mzee Msengi, mkuu wao, alikuwa anastaafu. Kikosini palikuwa na mila moja: mkuu anayeondoka humkabidhi mmoja wao koleo lake la lakiri mbele ya wenzake. Lakiri ni kile kipande cha madini ya risasi kinachobanwa kwenye waya mwembamba ili mita isichezewe. Anayeshika koleo ndiye anayeaminiwa kusema neno la mwisho katika kila kiwanda mjini. Sikitu alilitaka koleo lile kuliko alivyowahi kuitaka harusi yake mwenyewe.

"Kesho tunakwenda kwa Mama Makiya," Mzee alisema. "Kazi hiyo ndiyo itakayoniamulia."

Mama Makiya alikuwa na kiwanda cha kukamua alizeti. Na mjue, mita ya kiwanda si kama ya nyumbani kwenu. Mbali na kuhesabu umeme, hukumbuka kilele, yaani wakati ule kiwanda kilipovuta umeme kwa nguvu kuliko wakati wote wa mwezi, na kilele hicho hulipiwa. Mwezi ukiisha, kikosi huja kukirudisha sifuri, mwezi mpya uanze ukiwa safi. Ankara zilikuwa zimemtesa Mama Makiya hata akaapa: ikija nyingine kama zile, atafunga ukumbi mmoja na kuwarudisha majumbani wanawake wa kufungasha.

Basi wakafika. Desturi yao ilikuwa hivi: mmoja husoma kilele kwa sauti, mwingine hukirudia, ndipo wa tatu hubonyeza kitufe. Mzee akasoma. Ndekirwa, aliyetakiwa kurudia, akaikazia mita macho tu.

"Vipi, macho yamelala?" Mkumbo akamchokoza.

"Mzee, hiki ni kilele cha mwezi uliopita," Ndekirwa alisema. "Nilikiona daftarini, ni kilekile mpaka tarakimu ya mwisho. Waliokuja mwezi ule walibonyeza wakaondoka bila kutazama. Mita haikurudi sifuri. Mama analipia kilele cha msimu wa mavuno, na siku hizi anakamua nusu tu."

Mzee akabonyeza mwenyewe. Namba haikutikisika, kitufe kilikuwa kimekwama. Bila macho yale, wangepiga lakiri na kwenda zao. "Ahsante, jicho langu," Mzee akamwambia Ndekirwa, na neno hilo likamchoma Sikitu.

Kukwamua kitufe kulitaka mita ifunguliwe, na mita ya kiwanda haifunguliwi umeme ukiwa unapita. Inaua. Ilibidi kiwanda kizimwe, na Mama Makiya akasema hakizimwi. Mbegu zilikuwa zinapashwa moto matangini, zingeharibika.

Mkumbo akamwendea. "Shikamoo, mama. Kwa lafudhi hiyo, wewe si mtani wangu kweli?"

"Marahaba. Ni mtani wako, na bado sizimi."

"Sawa. Lakini siku ya msiba wako nani atalala mlangoni, jeneza lisitoke mpaka apewe kuku? Si mimi? Sasa umeme ukiniua leo, utazikwa kimya kimya kama mtu asiye na watani!"

Mama Makiya alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Zimeni!" akaamuru. "Huyu mbwa asije akafia kwangu." Bila ulimi ule, geti lingewatoa kama lilivyowaingiza.

Kiwanda kikazimwa. Sikitu akaingiza kichwa kabatini. Mvuke wa mafuta na vumbi la maganda vilikuwa vimeganda kuzunguka kitufe kama ukoko wa sufuria. Kikivunjika, mita imekufa. Alikwangua kwa njiti ya kiberiti, akapangusa kwa spiriti, pumzi ameibana, jasho linamwingia machoni. Kisha mita ikarudishiwa umeme, mitambo ikiwa bado imezimwa, akabonyeza. Sifuri. Bila mikono ile, macho yangeona bure na ulimi ungesema bure.

Mzee akafunga kifuniko, akapiga lakiri. Kwa sheria yao, lakiri ikishapigwa haifunguliwi mpaka mwezi uishe. Sikitu aligeuka kupokea angalau ahsante, akamkuta Mama Makiya anampa Mkumbo mkono. "Mtani, umeniokoa!"

Hapo ndipo hadithi inapouma. Matangi ya kupashia mbegu yakizimwa hupoa, na yakiwashwa yote kwa pamoja huvuta umeme kwa pupa. Mita iliyotoka kurudi sifuri ingekiandika kilele hicho kikubwa, na kingekaa hapo mwezi mzima. Lazima yawashwe moja moja, kila moja lisubiri lililotangulia lipate moto. Kuwaonya watu wa kiwanda ilikuwa kazi ya Mkumbo. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

"Washeni!" Mkumbo alipaza sauti.

Sikitu alijua. Onyo lilikuwa limeshafika mdomoni, na wivu ukalizuia: nyamaza, leo huyu aaibike mbele ya mtani wake. Tangi la kwanza likawashwa. Akatupa jicho kando, likakutana na macho ya Ndekirwa. Naye alikuwa ameona. Naye alikuwa amenyamaza. Tangi la pili likawashwa. Mlangoni wanawake wa kufungasha walikuwa wanajifunga vilemba vyao kurudi kazini, mmoja anamsaidia mwenzake. Fundi wa mitambo akanyoosha mkono kwenye swichi ya tatu.

"Acha!" Sikitu akapiga ukelele. "Moja moja! Zima hilo la pili!"

Fundi akazima. Kwa kuwa mita hupima kwa kitambo cha dakika kadhaa, si kwa kufumba na kufumbua, hasara haikuwahi kuandikwa. Kiwanda kikapona, na ukumbi haukufungwa.

Nje ya geti Mzee Msengi akalitoa koleo.

"Bila macho yangu tusingejua kuna ubovu," alisema Ndekirwa.

"Bila ulimi wangu tusingeugusa," alisema Mkumbo.

"Na bila mikono yangu ungebaki palepale," alisema Sikitu. "Na huo ulimi ulitaka kuiharibu kazi yetu sote."

Mzee akamtazama. "Kweli, mwanangu, wewe ndiye uliyepiga ukelele. Ila ulichelewa. La kwanza liliwaka, la pili likawaka. Ulikuwa wapi?"

Sikitu angeweza kusema hakuona. Nani angebisha? Lakini koleo lile ni la kuaminiwa, na ulimi wake ukaona haya kulipokea kwa uongo. "Nilikuwa nimesimama na wivu wangu, Mzee. Nilitaka aaibike."

Mkumbo akaruka. "Mnasikia? Mimi nilikosa kwa kusahau, yeye kwa kukusudia! Mwenye wivu apewe koleo?"

"Na wewe, Ndekirwa?" Mzee akauliza. "Macho yako hayakuona?"

"Sikuona kitu, Mzee," Ndekirwa akajibu, bila hata kupepesa.

Sikitu alijua ni uongo. Nani atamsadiki mtu aliyekiri husuda sasa hivi, akimsema mwenzake?

Mzee Msengi hajui tunayoyajua sisi, na mkono wake bado uko hewani. Yupo aliyeuona ubovu, kisha akakana alichokiona. Yupo aliyefungua mlango uliofungwa, kisha akalewa sifa. Yupo aliyetengeneza na kuokoa, ila alikuwa tayari kuwaacha wanawake wale wakose kazi, alau kwa muda wa matangi mawili. Koleo ni moja, na halikatwi vipande. Haya, wewe unayetafuna karanga, usinitazame mimi: ungelitia mkononi mwa nani?