Mjane Aliyeizuia Amina Yake

Wametuhadithia waliotutangulia katika imani, Mungu azirehemu roho zao, kwamba katika nchi ya Misri, zama zile majangwa yalipojaa watawa na vijiji vikajaa makanisa ya udongo, palikuwa na kijiji kiitwacho Temsari, kando ya mto Nili. Nawasimulia kisa hiki nikiwa nimekasirika, na hasira yangu sitaificha. Nimechoka kuwasikia watu wakiambiwa "shukuru Mungu" na wale wale waliowaumiza.

Watu wa Temsari waliishi kwa mafuriko. Kila mwaka mto ulipanda ukafunika mashamba, kisha ukarudi ukiacha tope jeusi lenye rutuba. Tope hilo lilifuta kila kitu. Matuta yalipotea, vijia vikapotea, yakabaki mawe ya mipaka tu, kwa kuwa yalichimbiwa chini sana. Hawakuwa na hati za mashamba. Walichokuwa nacho ni Ibada ya Shukrani. Maji yakishashuka, kabla ya kupanda mbegu, kila nyumba ilisimama mbele ya madhabahu ikataja alichoijalia Mungu: shamba letu kutoka hapa hadi pale, mifugo yetu, watoto wetu. Kutaniko lote likaitikia Amina. Kilichoitikiwa Amina kilikuwa kimethibitishwa, hakuna tena wa kukidai. Na mkate wa sadaka, ambao waumini walikuwa wamefunga kula kwa ajili yake tangu siku iliyotangulia, haukumegwa mpaka kila kinywa kiwe kimeitikia, hata cha maskini wa mwisho. Wazee wao waliiweka desturi hiyo kwa nia njema, maana hawakutaka mtu ale meza moja na jirani yake huku amemfungia moyo.

Hapo kijijini alikuwepo tajiri aitwaye Mzee Tawadrosi. Msimdhanie kuwa mtu wa ovyo. Angekuwa mlevi au mgomvi, kisa hiki kingekuwa chepesi. Alikuwa mtu wa sala. Mafuta ya taa za kanisa yalitoka kwake, na paa lilipobomoka yeye ndiye aliyelijenga upya. Akianza kusali watu walifumba macho wakamsikiliza, kwa kuwa alijaliwa ulimi mtamu. Alikuwa pia na macho yasiyoshiba, na macho hayo yalikuwa yameliangukia shamba la jirani yake.

Jirani huyo alikuwa Mahraeli, mjane wa marehemu Yusto. Mumewe alifariki kwa homa wakati maji yanapanda, akamwachia mama mkwe asiyeona, pamoja na kishamba cha ngano na dengu kilichoanzia ukingo wa mto na kupakana na shamba la Mzee Tawadrosi. Kishamba hicho ndicho kilichowalisha. Maji yaliposhuka, Mahraeli alikwenda kulitafuta jiwe la mpaka, akalikuta limesimama karibu kabisa na ukingo. Upande wake palibaki ukanda ambao mbuzi mmoja wa kufungwa kamba angeumaliza kwa asubuhi moja.

Akaenda kwa wazee wa kijiji. Wakamwambia mto umeamua, na mto uko mikononi mwa Mungu. Akaenda kwa Abuna Bishoi, kasisi wao, mcha Mungu aliyezeeka katika kufunga na kukesha. Naye, Mungu amsamehe, akamwambia asinung'unike, bali ashukuru kwa alichobakiziwa. Mwisho Mzee Tawadrosi mwenyewe akamtembelea. Akampa pole ya msiba, akamwambia kwamba nyumbani kwake hapakosekani kazi ya kusaga nafaka, na kwamba hata mama mkwe angepatiwa pa kulala. Mahraeli alisaga meno. Nami kila nikifika hapa nasaga yangu. Mtu anakuvua nguo, kisha anakuahidi kitambaa, na bado anataka umpigie magoti.

Siku ya Shukrani ikafika. Mahraeli akaenda kanisani, amemshika mkono mama mkwe wake, akijua vizuri kinachomngoja. Mzee Tawadrosi akilitaja shamba lile na kutaniko likaitikia, basi limekwenda moja kwa moja, na yeye na mama yule wataishia kwenye jiwe la kusagia la mtu aliyewaibia.

Nyumba moja baada ya nyingine zikashukuru. Kisha Mzee Tawadrosi akasimama, akainua mikono, akasema, "Nakushukuru, Ee Bwana, uliyeuamuru mto ukaniongezea shamba hadi karibu na ukingo wake. Sikuomba, nawe ukanipa. Mimi ni nani hata unitendee haya?"

Kanisa zima likaitikia Amina. Wengine walijifuta machozi kwa jinsi maneno yalivyowagusa. Abuna Bishoi akauliza, kama desturi ilivyotaka, iwapo Amina imetimia. Swali hilo liliulizwa kila mwaka, wala hakuna aliyewahi kulijibu. Safari hii sauti ilitoka upande wa wanawake.

"Haijatimia, Abuna. Yangu haimo."

Watu wakageuka. Wanawake waliokaa karibu wakamvuta mtandio, wakamnong'oneza aache mambo yake. Mmoja akamwonyesha kichanga chake kinacholia, akamwuliza kama hana huruma. Wanaume wakasema kwa sauti kwamba pepo wa manung'uniko amemwingia, na wengine wakasema ni msiba umemvuruga akili. Na hawa, ndugu zangu, ni watu waliojua. Kijiji kile kilikuwa kidogo, na hakuna asiyefahamu jiwe lile lilisimama wapi maisha yote ya Yusto. Kolta, mchimbaji aliyemsaidia Yusto kulichimbia, alikuwa ameketi safu ya mbele, anajifanya hamnazo, anakagua kucha zake.

Abuna Bishoi akamwuliza Mahraeli sababu ya kuizuia ibada.

"Abuna, Amina ni ushahidi," akajibu. "Mzee Tawadrosi amesema shamba langu amepewa na Mungu. Nikiitikia, nitakuwa nimeshuhudia kwamba Mungu amemnyang'anya mjane akampa tajiri. Mungu hakufanya hivyo, na mimi siwezi kumsingizia. Mto ulipanda, mto ukashuka. Jiwe haliogelei."

Mzee Tawadrosi hakupandisha sauti. Aliinamisha kichwa, akasema amemsamehe, akawaomba waumini wote wamkumbuke mjane huyu katika sala zao. Upo msamaha unaouma kuliko tusi, na huo ulikuwa mmojawapo.

Jua likapanda, likapita utosini. Njaa ikawauma watu, na kadiri ilivyowauma ndivyo walivyozidi kumkalia kooni Mahraeli. Yeye alisimama, mkono wa mama mkwe wake umeshika wake. Hatimaye baadhi ya wanaume wakaenda hadi mbele wakamsihi Abuna aumege mkate, desturi isitumiwe na mwanamke mmoja kuwaadhibu watu wote. Abuna alikuwa amechoka. Akauendea mkate, akauwekea mkono, akaanza yale maneno aliyoyasema maisha yake yote, ya kwamba usiku ule aliosalitiwa, Bwana alitwaa mkate, akashukuru. Akafika hapo, maneno yakamkwama. Akauondoa mkono kwenye mkate. Kisha akageuka akawatazama.

"Bwana wetu alishukuru usiku aliosalitiwa, na msaliti yuko naye mezani," akasema. "Alishukuru kwa mkate. Hakumshukuru Baba kwa usaliti. Mimi nilimwambia mjane huyu ashukuru kwa usaliti."

Akamwendea Mahraeli, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Ndipo akakumbuka kwamba nyumba ya Mahraeli haikuitwa kushukuru. Aliiruka, kwa kudhani kwamba nyumba yenye msiba na isiyo na shamba la maana haina la kusema. Sasa akamwomba ashukuru.

Mahraeli hakutaka. Alikuwa na hasira, na alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mtu mwenye hasira asisogelee madhabahu. Lakini mama mkwe wake akamsukuma kidogo mgongoni, akaenda. Akasimama mbele ya madhabahu, akasema,

"Nakushukuru, Bwana, kwa Yusto mume wangu, ambaye bado namlilia. Nakushukuru kwa shamba ulilotupa, kuanzia ukingo wa mto hadi pale Yusto alipolichimbia jiwe, si pale lilipo leo. Nakushukuru kwa Kolta aliyemsaidia, kwa kuwa ulimpa macho na kumbukumbu. Nakushukuru kwa mama huyu asiyeona, ambaye hakuniambia ninyamaze. Nina hasira, Bwana, nawe unaijua. Lakini nakushukuru kwa kuwa Wewe si mwizi."

Abuna Bishoi akaitikia Amina. Mama mkwe akaitikia. Halafu kila mtu akaona kwamba sasa hakuna pa kujificha. Huwezi kusema Amina kwa Tawadrosi na Amina kwa Mahraeli, ukabaki mkweli. Kolta ndiye aliyeanza. Alisimama ameinamisha uso, akasema jiwe lile walilizika kina cha kiuno cha mtu mzima, wala hajaona mto wa kuling'oa na kulisimamisha tena wima mahali pengine. Akaitikia Amina, akaketi. Baada yake wengine wakaitikia, mmoja mmoja, kwa aibu, mpaka ikabaki Amina moja tu.

Ilikuwa ya Mzee Tawadrosi.

Sasa watazameni watu hawa. Mkate ulikuwa ule ule, njaa ile ile, na kichanga kile kile bado kinalia. Lakini hakuna aliyemvuta Mzee Tawadrosi joho. Hakuna aliyesema pepo amemwingia. Waliomkemea mjane bila kupepesa macho waligeuka ghafla kuwa watu wa subira, wakatazama sakafu, wakasubiri tajiri apate muda wake. Hasira yangu kwao ni kubwa kuliko niliyo nayo kwa Tawadrosi, nami nawaambieni wazi. Mwizi alikuwa mmoja, lakini Amina zilizombariki zilijaza kanisa.

Abuna Bishoi akamwendea, akasimama mbele yake.

"Sikulazimishi kurudisha shamba," akamwambia. "Nakuomba jambo moja tu. Mtoe Mungu katika jambo hili. Sema mbele yetu, 'Shamba hili sikupewa, nimelitwaa mwenyewe.' Ukishasema hivyo, nenda kalilime, hatutakuzuia."

Watu wakashangaa, na Mahraeli akamtazama kasisi kana kwamba naye amemgeuka. Mzee Tawadrosi aliliona jambo lenyewe kuwa rahisi. Akasimama, akanyoosha joho lake, akaanza kusema kwamba shamba hili amejaliwa. Abuna akatikisa kichwa. Akasema basi shamba hili ameongezewa. Abuna akatikisa kichwa. Akasema limemwangukia. Abuna akatikisa kichwa tena, akangoja. Yule mtu ambaye ulimi haukuwahi kumtupa alisimama pale akitafuta neno la kulifunika tendo lake, asilipate, na jasho likamtiririka hadi ndevuni.

"Nimelitwaa mwenyewe," akasema mwishowe.

Pengine hakuwahi kulisikia jambo hilo likisemwa kwa sauti yake. Akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa joho. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Kisha kutoka ndani ya joho ikasikika ile Amina iliyobaki, ya shukrani ya Mahraeli, ndogo mno, walio nyuma hawakuisikia. Abuna akamwamuru airudie, akairudia.

Mkate ulipomegwa ulikuwa umekauka, ikabidi wazee wautafune polepole. Siku hiyo hiyo Mzee Tawadrosi alikwenda shambani na watumishi wake wale wale waliolihamisha jiwe wakati maji yanashuka, akawasimamia mpaka wakalizika mahali pake. Husimuliwa kwamba tangu hapo sala zake zilikuwa fupi.

Majuma machache baadaye alipita shambani kwa Mahraeli, akamkuta anapanda dengu. Akasimama mpakani kwa muda, akasalimia, akaitikiwa. Akabaki amesimama, kama mtu aliyeahidiwa kitu hajakipata. Mwisho akasema, kwa upole, kwamba amelirudisha shamba mbele ya watu wote, na hadi leo hajasikia asante.

Mahraeli akainua uso.

"Mzee Tawadrosi," akamwambia, "mtu hashukuriwi kwa kuacha kuiba. Wa kumshukuru nimeshamshukuru."

Akainama akaendelea kupanda.

Ndugu zangu, mtaniambia kwamba tumeagizwa kushukuru daima. Naam, tumeagizwa. Hatukuagizwa kumbebesha Mungu maovu yetu, kisha tukayaita baraka. Shukrani ni ushahidi unaotolewa mbele zake Yeye anayejua kila kitu, na ushahidi wa uongo haugeuki kuwa sala kwa sababu umesemwa kwa machozi. Basi leo ukipiga magoti, kabla hujamwambia Bwana asante kwa hiki, jiulize kimetoka mkononi mwa nani. Na kama yupo anayekuambia ushukuru huku ameikalia haki yako, wewe mshukuru Mungu kwa sauti kwa yale aliyokupa kweli, kimoja kimoja, hata kama una hasira. Lakini huyo usimwitikie Amina.