Chura Aliyeimba Kinywani mwa Kiboko

Mliokaa!

— Tumekaa.

Na waliosimama?

— Nao watakaa.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo, yana njaa.

Haya, yalisheni. Ngano hii waliosoma sana hawana, msiwasumbue kuwauliza. Mimi shule niliiacha ikiwa bado inaniita, lakini ngano hii ninayo yote, na panapo uongo basi ni uongo uliooga ukavaa vizuri.

Hapo kale, penye mto uliojaa matete, palikuwa na chura mdogo kama punje ya kunde. Jina lake Sikudhani. Mwili alikuwa hana, alikuwa na sauti. Akiimba, ti-liii, ti-liii, mbu walisahau kuuma. Lakini nani amsikie? Sauti ilitoka kwenye matete, ikafika ukingoni mwa maji, ikachoka, ikakaa chini.

Sikudhani alikuwa na haja moja tu duniani: aimbe mbele ya wanyama wote, na wakimaliza kulia, wamwite kwa jina lake.

Katika mto huohuo aliishi Kiboko, Bi Nyamizi. Huyu alikuwa mkubwa wa mwili, mkubwa wa tumbo, mkubwa wa kutaka. Alikula ukoka wa ng'ambo hii huku jicho liko kwenye ukoka wa ng'ambo ile. Wimbo hakuwa nao hata wa kubembelezea mtoto. Akijaribu, ilitoka mho, mho, mho, na mamba wakahama.

Sasa siku moja Ngiri alikuwa anaoza binti, na wanyama wote wako ukingoni. Korongo naye yuko kazini kwake, anamfukuza Sikudhani. Ruka, tua. Ruka, tua. Mdomo wa Korongo nyuma, kwa! kwa! Ghafla mbele ya chura likafunguka pango jekundu, naye akaingia bila kubisha hodi. Kumbe ni Bi Nyamizi, ameshiba pilau ya watu, anapiga mwayo.

Wapo wanaolia wakiogopa. Sikudhani akiogopa aliimba. Basi akaimba mle ndani, ti-liii, na sauti ikagonga kaakaa, ikabingirika kwenye mashavu, ikatoka nje imekuwa kubwa kama mvua ya masika. Ngoma zikanyamaza. Bibi harusi akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Kuro, ambaye hajawahi kumsifu mtu, akasema kumbe tunaishi na huyu mama na hatumjui.

Bi Nyamizi hakufunga kinywa. Hapo tumpe haki yake, mjinga angefunga. Alikiacha wazi mpaka wimbo ukaisha, akapokea maboga ya kutunzwa, akazama, chubwii. Alipoibuka penye maji haba akamtema Sikudhani kwenye jani, taratibu, kama mtu anayetema kokwa la thamani. Wakapatana. Chura atakaa nyuma ya gego la mwisho, mahali Korongo hafiki. Nzi wa kwenye meno ni wake wote. Na jina?

"Jina lako nitalitangaza msimu ukiisha, mwanangu," akasema Bi Nyamizi. "Waache kwanza waizoee sauti."

Sikudhani akaona ni haki.

Ikawa kila penye shughuli, Bi Nyamizi anafumbua kinywa, mwaaa. Sikudhani anaimba, ti-liii. Wanyama wanalia, wanatunza. Maboga anakula Bi Nyamizi, nzi anakula Sikudhani. Msimu ukaisha. Chura akaulizia jina lake, akaambiwa msimu ujao, mwanangu. Mwaaa. Ti-liii. Maboga huku, nzi huku. Msimu ujao nao ukaisha, akaambiwa wewe mtoto una haraka.

Ndipo akaja Ngedere, kofia imegeuzwa nyuma, kamera begani, anatengeneza filamu. Alipomsikia Bi Nyamizi akaanguka kutoka mtini. Akasema uso huu na sauti hii vikikaa pamoja kwenye kitambaa cha sinema, simba wataomba leso. Akatunga filamu, akaiita "Bibi Harusi wa Tope". Ni habari ya mwali aliyevishwa akapambwa, akasimama topeni akimngoja bwana harusi, na wageni wakampita kama hawamwoni. Kamera ikalia krrr, krrr. Bi Nyamizi akapakwa maji ya kitunguu machoni, akatoa machozi ya kujaza mtungi. Nyuma ya gego, Sikudhani hakupakwa kitu. Aliimba habari ya yule asiyeonekana, na machozi yalikuja yenyewe.

Filamu ilionyeshwa mchana pangoni kwa Popo, maana huko ni giza muda wote. Sikudhani aliitazama kutoka kinywani, kwa kuchungulia upenyo kati ya meno mawili. Akaona kwenye kitambaa uso mkubwa wa Bi Nyamizi. Akasikia sauti yake mwenyewe inatoka kwenye uso ule. Pundamilia alikuwa analia kwa kwikwi. Ngiri alikuwa amemshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ile ni sauti yangu," Sikudhani akasema.

Lakini kinywa kilikuwa kimefungwa. Nje pango zima lilikuwa linaita: Nyamizi! Nyamizi!

Siku ile chura hakugusa nzi. Alitafuna mawazo. Na kesho yake akasema kwa sauti tamu, "Mama, hawa watu wanakupunja. Wanakutunza wimbo ukishaisha, machozi yamekauka, kila mtu amekumbuka watoto wake nyumbani. Waambie wakutunze wimbo ukiwa katikati."

"Na maboga nitayaweka wapi, nawe umo kinywani?"

"Mimi nitakaa ndani ya sikio lako, nalo ni pango kama kinywa. Wewe tafuna, mimi niimbe."

"Wakiniona natafuna?"

"Mama, mtu anayelia anaona nini?"

Bi Nyamizi alilipima neno hilo kwa tumbo, na tumbo likakubali.

Siku ya shughuli kubwa wakajaa kutoka mito yote. Wimbo ukafika katikati, na watunzaji wakaja kwa kucheza, mmoja mmoja. Boga likaingia, kwacha kwacha, na wimbo unaendelea, ti-liii. Tikiti likaingia, kwacha kwacha, na wimbo unaendelea, ti-liii. Mwenye akili angeishia hapo. Bi Nyamizi akapokea boga la tatu, akafumba kinywa, mashavu yakamtoka kama magunia.

Wote walikuwa wanalia, isipokuwa Kobe. Kobe kwa ufupi wake alikuwa haoni kitu ila kidevu.

"Jamani," akasema, "kidevu kinasaga, na wimbo unaendelea."

Wakatazama. Kinywa kimefungwa kabisa. Ti-liii, ti-liii. Ndipo Sikudhani akaruka kutoka sikioni, akatua katikati ya paji la uso wa Kiboko, akamalizia ubeti wa mwisho mchana kweupe.

"Mimi naitwa Sikudhani," akasema.

Bi Nyamizi alitaka kujitetea, lakini boga lilikuwa limeziba njia. Ilitoka mho, mho tu. Wakamzomea, wakamrushia maganda, akakimbilia majini na mashavu yake yamejaa vilevile, chubwii. Huyo mkubwa, huyo mwenye nguvu, ameshindwa na kitu cha ukubwa wa kunde. Mngependa niishie hapo, nami ningependa.

Kesho yake Sikudhani akapanda juu ya jiwe. Wanyama wamekuja wote. Akafumbua kinywa chake mwenyewe, akaimba wimbo uleule.

Waliokuwa mbele wakasikia. Walioko nyuma wakaulizana kama ameshaanza.

"Ongeza kidogo, dada," akasema Kuro.

Akaongeza. Koo likavimba kama puto, na mpaka leo halijanywea. Sauti ikatoka, ikafika ukingoni mwa maji, ikachoka, ikakaa chini. Wakampigia makofi ya adabu. Na wakati wa kuondoka akamsikia Ngiri akimwambia mkewe kwamba si mbaya, binti anamwiga Bi Nyamizi vizuri, ila yule mama alikuwa anakugonga hapa, kifuani.

Sikudhani akaenda kwa Ngedere. Ngedere hakuwa na roho mbaya. Alimweka mbele ya kamera, krrr, na kwenye kitambaa hakuonekana, wakadhani ni uchafu. Akamwambia nafasi ipo moja, mwanzoni kabisa mwa filamu mpya, ya chura anayemezwa na Korongo. Akaikubali. Mtu aliyekwisha kuzoea pango lililojaa hawezi tena kukaa kimya kwenye matete. Akamezwa, akatemwa, wakarudia kwa sababu mwanga haukuwa mzuri. Filamu ilipoonyeshwa, watu walimpigia makofi Korongo.

Basi jioni moja, jua halijazama, akaenda kwenye kina alikojificha Bi Nyamizi. Akamkuta amekonda, kama kiboko anaweza kukonda.

"Umekuja kucheka?" Bi Nyamizi akauliza.

"Nimekuja kuuliza. Kwa nini hukulitaja jina langu, mama? Hata mara moja tu."

Bi Nyamizi akapuliza mapovu, akayatazama mpaka yakaisha.

"Kila msimu nilitaka kulitaja. Kila msimu nikawaza, akishaitwa kwa jina lake atakaa nyuma ya gego langu kwa ajili ya nini?" Akazama kidogo, akaibuka. "Mimi nilijua tangu utotoni kwamba sina sauti, nikakubeba. Wewe hukujua kwamba huna kinywa, ukanimwaga."

Sikudhani akaruka, akatua kwenye pua ya Bi Nyamizi.

Walijaribu tena, msiseme hawakujaribu. Walikwenda kwenye shughuli ya Nyumbu, safari hii jina la chura likatangazwa mwanzo, kwa heshima zote, Bi Nyamizi mwenyewe akilitamka mara mbili ili lisikike. Akafumbua kinywa, mwaaa. Sikudhani akaimba, ti-liii, na wanaojua wanasema hakuwahi kuimba vile. Lakini hakuna aliyesikiliza. Wote walikuwa wameinamisha shingo wanachungulia kwenye meno, wanasukumana, wanaulizana yuko wapi, yuko wapi, yule pale nyuma ya gego, na kila aliyemwona alicheka akampisha mwenzake. Wimbo ukaisha bila chozi hata moja. Maboga yalitolewa. Bi Nyamizi hakuyala.

Tangu siku hiyo Kiboko akiwa majini hufumbua kinywa, mwaaa, akakiacha wazi kitambo kirefu. Watu husema anapiga mwayo. Na chura huimba akiwa ndani ya matete, usikomwona. Ukimsogelea umtazame usoni, hunyamaza papo hapo, hata uwe umetoka mbali kuja kumsikiliza.

Fundisho lake, maana najua mnalisubiri, ni dogo, na ni la mezani: usiimbe chakula kikiwa kinywani. Kila mtu angekuwa na kazi yake hadi leo kama yule mama angetafuna kwanza akameza. Hayo mengine ya jina la nani na sauti ya nani ni maneno ya watu wasioshiba, msiyabebe.

Mmeshiba?

— Tumeshiba.

Basi ngano yangu imeingia majini, na mimi sijui kuogelea. Anayejua, aifuate.