Matanga ya Khakasa

Sogeeni, wana wa Khakasa, na nyie wa nyuma mezeni kwanza hayo maandazi, maana ninayoyasimulia hayafai kusikilizwa na mdomo uliojaa. Nasimulia zama za waasisi wa kikao chetu hiki, chuo cha mlimani kilipokuwa na bomba moja la maji na masikio kila ukuta, na mwanamume aliyempenda mwanamume, au mwanamke aliyempenda mwanamke, alitembea kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Katika zama hizo alitokea Khakasa binti Murunga bin Wamukota, wa ukoo wa wachimba visima, jike la shoka, mwenye mabega ya mlango na kicheko cha kupasua bati.

Ndiye aliyewakusanya waasisi, na ujanja wake ulikuwa huu: nchi hii hakuna anayevunja kikao cha matanga. Polisi atauliza kibali cha arusi, hatauliza cha msiba. Basi kila Jumamosi mchana walijifungia darasa la mwisho, wakatundika shuka jeusi mlangoni, wakasema wanapanga mazishi. Humo ndani waliwataja wapenzi wao kwa sauti, jambo ambalo hawakuwahi kulithubutu popote. Nyayo zikisikika nje, Khakasa aliinua mkono, kicheko kikageuka wimbo wa maombolezo, na Oduori, kijana mwembamba aliyeogopa hata kivuli chake, akamwaga machozi ya kweli, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kulia kwa hofu. Mwigizaji gani angemshinda?

Lakini walisahau jambo moja, enyi watu: kuzika! Muhula ulianza, ukakaribia kuisha, na marehemu yu palepale.

Ndipo Jumamosi moja mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia Bwana Sikolia, mkuu wa nidhamu, na nyuma yake Mzee Kutoyi, askari wa geti, rungu mkononi. Kila mmoja alijua kwamba jina likishatajwa gwarideni, mbele ya chuo kizima, litafika nyumbani kabla ya mwenyewe, na nyumbani kuna panga.

"Marehemu gani huyu," akanguruma Bwana Sikolia, "asiyeoza wala kuzikwa? Msiponitajia jina lake, nitayataja yenu."

Meno ya Oduori yakagongana kama njuga. Khakasa naye aliogopa, msidanganywe na wanaosema mashujaa hawaogopi. Waliokaa karibu waliiona sketi yake ikitetemeka. Lakini akasimama.

"Marehemu ni mimi," akatangaza. "Baba yangu alipojua kwamba nampenda msichana, alikata mgomba, akauvika gauni langu, akauzika nyuma ya boma kama tunavyowazika waliopotea bila mwili. Walinyoa nywele, ila hakuna aliyenililia. Hawa ndio wamekuja kunililia. Nifukuze mimi, uwaache wao."

"Mkamate!"

Mzee Kutoyi akarudi nyuma mpaka akagonga ubao. "Mkuu, mke wangu ni mjamzito. Mimi simshiki mtu aliyezikiwa mgomba, anayemgusa hupeleka kifo nyumbani kwake. Mshike wewe mwenye digrii."

Bwana Sikolia akanyoosha mkono. Ukafika nusu ya njia, ukaganda. Maana digrii alikuwa nayo, lakini nyanya yake ndiye aliyemlea, kwa miiko hiyohiyo. Khakasa, ngome ya wanyonge, akausimamia mlango akiwakodolea macho wale wawili, huku wenziwe wakipita nyuma ya mgongo wake mmoja baada ya mwingine, na hakuna jina hata moja lililotajwa.

Kisha akaamriwa, kutoka mbali, aondoke chuoni. Akauteremka mlima bila sanduku, watu wakimpisha kama anayenuka kaburi, akapita geti, akapita soko, na tangu hapo hakuna jicho lililomwona. Wapo wanaosema alivuka mpaka. Mimi sijui, na anayejua hajaniambia.

Lakini liko lililowauma waasisi mpaka uzeeni. Siku ile, walipopita mgongoni pake, hata wao walijikunyata wasimguse. Ndiyo maana ikawa sheria kwetu: anayeingia humu, kabla hajaulizwa jina, kila aliyepo humshika mikono yote miwili, aikaze, mpaka kijasho kitoke.

Sasa wewe pale mlangoni, unayejifanya umekuja kutafuta chaja. Tunakuona unavyotetemeka. Njoo. Lete mikono.