Msiba wa Jogoo wa Bi Mize

Paliondokea tajiri mmoja, Shebwana, aliyechukia kuamshwa. Alfajiri moja alimgongea jirani yake, Bi Mize.

"Mchinje huyo jogoo leo, ama nitakuhamisha mtaa huu!"

"Nimesikia, bwana. Ila mtaa mzima huamshwa naye. Si ungwana afe kimyakimya, nami nina simu ya kitochi tu."

Shebwana alikuwa na programu kwenye simu yake, ya kuutumia mtaa mzima ujumbe kwa mguso mmoja, na alipenda sana kuringa nayo.

"Haya, nitajie maneno."

"Tuna msiba. Jogoo wetu hatunaye tena."

"Msiba wa kuku!" Shebwana alicheka mpaka machozi, akabonyeza. Programu ikaweka jina lake chini, kama kawaida yake.

Kabla ya adhuhuri ua wake ulifurika. Wanawake walitandika mikeka sebuleni, wanaume wakafunga turubai, kisha wakaulizia ng'ombe wa kuchinja, maana aliyetangaza msiba ndiye anayelisha waombolezaji, wala hawafukuzi.

"Jamani, ni kuku!"

"Msiba ni msiba," walimjibu, wakamshika mkono wa pole.

Akachomoka mbio kwa Bi Mize. "Umeshamchinja?"

"Bado nanoa kisu."

"Waambie hajafa!"

"Mimi? Aliyetangaza ni wewe, bwana. Labda marehemu awaambie mwenyewe."

Jioni waombolezaji walimkuta Shebwana amepiga magoti mbele ya banda, kiganja kimejaa mtama.

"Wika, bwana wangu," alibembeleza. "Wika, na kesho wika tena."