Cherehani Juu ya Mkeka

"Apendaye karata yake haoni macho ya mwenzake." Mmemsikia Bibi Tabea akiyasema maneno haya alipowakuta mkibishana juu ya mchezo wenu, nanyi mnaniuliza yametoka wapi. Wekeni hizo karata chini kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za mkonge, katika kambi moja karibu na Korogwe, aliishi fundi wa kushona jina lake Obadia Kihiyo, mume wa shangazi yangu Yunisi. Hakuwa mlevi wala mvivu. Cherehani yake waliinunua kwa jasho la wote wawili, naye shangazi aliuza vitumbua miaka mingi kwa ajili yake. Mwaka huo Obadia alikuwa amepewa kazi ya kushona kanzu nyeupe za watoto wa kipaimara, akiwamo binti yake mwenyewe.

Jumamosi alasiri wanaume wa kambi walicheza karata. Kila mtu alipewa tano, akazificha. Aliyeziamini zake aliongeza dau. Mwenzake alifuata, au alizifunika na kupoteza alichokwisha kuweka. Palikuwa na desturi pia: aliyejua kwamba atashinda aliweza kumwonya mwenziwe kwa neno moja, "Funika." Neno hilo liliwekwa kwa ajili ya huruma. Lakini waongo walilitumia mno kuwatisha wenzao, hata hapakuwa na mtu aliyelisadiki tena.

Jirani yake Obadia alikuwa Mhando, mkata mkonge, mtu wa maneno machache. Mhando alikuwa amekwisha kumsoma fundi. Obadia alipopata karata mbovu alipiga mluzi. Alipopata zilizompendeza, mluzi ulikatika, naye akazisugua pembe zake kwa kidole gumba kama mtu anayepima kitambaa dukani. Na zilimpendeza upesi mno. Hata karata mbili tu zilizofanana alizisugua kama hariri.

Jumamosi moja Obadia alipata wafalme watatu. Wengine wote wakafunika, wakabaki yeye na Mhando. Mhando alikuwa amekwisha kuweka dau mbuzi wake wote, aliowatunza kwa mahari ya mwanawe. Mkononi alikuwa na kopa tano, na katika mchezo ule karata tano za alama moja huwashinda wafalme watatu.

Obadia akainuka, akaenda nyumbani, akarudi na cherehani kichwani. Akaitua juu ya mkeka wa mchezo, iwe dau lake.

"Funika, fundi," Mhando akasema.

"Funika wewe! Mbuzi wako wameanza kunililia, wanataka kuhamia kwangu."

Watu wakacheka.

"Obadia, nakuambia kama ndugu. Funika."

"Mwenye nguvu habembelezi, Bwana Mhando. Unatetemeka."

"Kanzu za watoto je?"

"Nitazishona kesho, nikila nyama ya mbuzi."

Mhando akazilaza kopa zake, moja moja. Hakuna aliyecheka. Obadia akawatazama wafalme wake kwa kitambo kirefu, kana kwamba walikuwa wamebadilishwa. Kisha akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Mhando aliipeleka cherehani mlangoni kwa fundi. Obadia akaikataa. "Sikuibiwa," alisema, akafunga mlango. Shangazi Yunisi alizishona kanzu kwa mkono mpaka vidole vikavimba, lakini siku ikamkuta hajamaliza. Watoto wengine walisimama mbele ya Askofu wakiwa na kanzu zilizopigwa bandi tu, mishono mirefu ya kushikiza. Binti yake alivaa gauni lake la shule. Obadia hakufika kanisani. Akaenda kukata mkonge katika kambi ya mbali, na nyumba ile haikupata tena kukaa pamoja.

Baada ya siku nyingi shangazi alikwenda kwa Mhando. Akaikuta cherehani pembeni, imefunikwa shuka, kwa maana hapakuwa na mtu wa kuishonea nyumbani mle.

"Shemeji, ulijua kwamba atashindwa?"

"Nilijua, shemeji. Nilimwonya."

"Ulimwonya kwa neno asilolisadiki mtu. Mbona hukufunika wewe?"

"Mbuzi wangu wangepotea," Mhando akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Nisiseme uongo. Nilikuwa na kopa tano, shemeji. Tangu nianze kucheza sikuwahi kuzipata."

"Na macho yake uliyaona, alipoitua cherehani?"

"Niliviona vidole vyake. Vidole vyake nilivijua kuliko vyangu. Macho sikuyatazama." Akaivuta shuka ikafunika vizuri. "Tulikuwa wawili pale mkekani, na kila mmoja alikuwa akiitazama ya kwake."

Shangazi alilieneza neno hilo kambini kwa namna yake, na watu wakalishika. Nanyi mlidhani Bibi Tabea amemsema yule aliyeshindwa kati yenu peke yake. Apendaye karata yake haoni macho ya mwenzake.