Nani Akabishe Hodi kwa Bi Ndekwa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilipokwisha kuijua njia kuliko miguu, kilikuwapo kijiji cha Kwemlasi, juu milimani, karibu na maporomoko ya maji. Najua wapo kati yenu wanaosema hadithi yenye simu ndani si hadithi. Haya, kaeni hivyo hivyo, mtalizwa na hiyo hiyo.

Mzee Shemboko ndiye aliyekuwa akiwapeleka wageni maporomokoni. Mgeni akija, hufikia kwake. Hunywa chai kwake. Huambiwa habari za mlima, kisha hupelekwa na kurudishwa. Masika yakianza, mzee hukata jani la mmea wa sale, akalipiga fundo, akalilaza njiani. Mtu wa Kwemlasi akiliona fundo lile anajua njia imefungwa, haulizi. Anageuka, anarudi nyumbani.

Kisha dunia yote ikaingia kiganjani. Wageni wakawa wanachagua safari zao wakiwa huko kwao ng'ambo, na jina la Shemboko halikuwamo humo walimochagulia. Kibaraza chake kikapoa. Mzee akawa anakaa na birika lake mpaka chai inalala. Binti yake, Hidaya, akamwonea uchungu. Akayapiga picha maporomoko, akaichora njia nzima kwenye ramani ya simu, na nyumba ya baba yake akaiweka mwanzoni, ili wageni waje.

Wakaja kweli. Waliiona nyumba, wakaipita. Walimwona mzee, wakampita. Walishuka na simu zao, wakapiga picha, wakarudi walikotoka, na mzee hakupewa hata salamu.

Masika yakafika. Mzee akasema, "Hidaya, nimeifunga njia. Nawe ifunge hiyo ya kwenye simu."

"Nitaifunga, baba."

Hakuifunga. Watu wa mbali asiowajua walikuwa wakizisifu picha zake, na sifa zile zilimnogea. Akasema kesho, na kesho ikazaa kesho.

Asubuhi moja akapita kijana mgeni aitwaye Mateo, peke yake, macho kwenye simu. Mzee alimwona. Angeweza kumwita. Lakini moyo ulikuwa umemjaa, akajisemea, "Aliyeupita mlango wangu bila salamu, na afunzwe na njia." Akanyamaza. Mateo akalikuta jani lenye fundo. Kwake lilikuwa jani tu, akaliruka.

Hidaya ndiye aliyesikia yowe kutoka bondeni. Akamkimbilia Kilua, mchumba wake, mwana wa pekee wa mjane Bi Ndekwa. Akamwambia, "Kilua, kuna mtu anakufa kule chini." Kilua akachukua kamba, akashuka. Akamkuta Mateo ameteleza maweni, akamfunga kiunoni, watu waliokusanyika juu wakavuta, Mateo akatoka. Kilua akabaki chini akingoja kamba irudi. Maji yakateremka kutoka juu, yakamchukua.

Walimkuta amekwama kwenye mawe, amekwisha. Hidaya akamfuta tope usoni kwa kanga yake. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa lisikieni sharti la Kwemlasi. Mtu akifia njiani, habari haipigwi simu wala hatumwi jirani. Aliyesababisha ndiye huenda kwa miguu yake, akabisha hodi kwa mkono wake. Mama akishalia, humshika mkono huo, akamwingiza ndani. Tangu hapo yeye ndiye mwana wa nyumba ile: atachota maji, atalima shamba, na siku ya mama ikifika, atamzika.

Wakasimama watu watatu nje ya ua wa Bi Ndekwa.

Mateo akasema, Hidaya akifasiri, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyelipita jani. Lakini sina lugha ya kumwambia mama huyu, na mama yangu mwenyewe ananingoja kwetu."

Mzee Shemboko akasema, "Ni mimi. Neno langu moja lingemrudisha. Lakini nitizameni. Nikiwa mwana wake, ni yeye atakayenizika."

Hidaya akasema, "Ni mimi. Mimi niliwaonyesha njia, nikaiacha wazi. Na Kilua nimemtuma mimi."

"Basi nenda, mwanangu."

"Baba, mlango ule nilikuwa niuingie bibi harusi, nimkute Kilua ndani. Nitauingiaje leo niwe badala yake?"

Mzee akainama.

Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Bi Ndekwa alikuwa amekwisha kupika bada, ugali wa muhogo, na sahani ya mwanawe ameifunika. Akasikia nyayo nje ya ua. Akajitanda upya, akasema kwa sauti ya mtu asiyejua lolote:

"Nani hapo? Ni wewe, Kilua? Bisha hodi basi uingie, chakula kinapoa."

Hakuna aliyeinua mkono.

Nami siwezi kuwainulia. Nimefika nao hapo uani, na mama bado anangoja kujibiwa. Semeni nyinyi, mlioona yote: je, nani alistahili kubisha hodi?