Yote Mnara Uliyoyaona

Hapo zamani, kabla babu yako na babu yangu hawajajua kudanganyana, palikuwa na mji wa pwani uitwao Mtangule, na katikati ya mji huo mnara wa lindo, wa mawe na chokaa, mrefu kupita minazi yote. Nani aliujenga? Hapana aliyejua. Wala hapana aliyeupanda, maana kila jumbe aliyetawala alikataza, na sababu yake ni kwamba alimkuta baba yake akikataza.

Basi ikawa Ijumaa moja, Jumbe Mwidau akasimama mbele ya watu akasema, "Mnara huu aliujenga babu yangu, awalinde babu zenu na maharamia wa baharini. Shukurani hamjatoa. Kila nyumba ilete makanda mawili ya mchele, maana ghala yangu ni tupu."

Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma, na nyumba yenye hata kanda moja ilikuwa ya kutafutwa kwa taa. Watu wakainamisha vichwa. Asiyeinama alikuwa Mbwarali Chechele, fukara asiye na shuka ya pili, ambaye mdomo wake ulifika kila mahali kabla yake.

Akasema, "Jumbe wangu, nani aliyemwona babu yako akijenga?"

"Ala! Mnara wenyewe ulimwona," akajibu Jumbe. "Na kwa kuwa wewe ndiwe mwerevu, Ijumaa ijayo utanieleza yote mnara uliyoyaona tangu ulipojengwa. Usizidishe, usipunguze. Ukikosea, utatupwa kutoka juu yake. Ukipatia, nitawasamehe watu mchele wao."

"Nimesikia, bwana wangu," akasema Mbwarali, akaenda zake kama mtu aliyealikwa karamu.

Mkewe, Mwanakheri, akamwambia, "Mume wangu, leo umetuua."

"Nimejiua peke yangu, mke wangu. Usijitie."

Alhamisi akaona ni vema apande akapaone mahali atakapotupiwa. Aliyekwisha hukumiwa katazo halimtishi. Akakaa juu kitambo, akashuka, akala muhogo wake, akalala fofofo.

Ijumaa mji mzima ukakusanyika. Jumbe akasema, "Haya, eleza."

"Bwana wangu, kisa cha mnara husimuliwa ndani ya mnara. Panda, uketi alipoketi mlinzi, nami nitakueleza."

Jumbe alikuwa mnene na ngazi nyembamba, basi wazee wawili wa mji wakamsukuma kwa mabega hadi juu. Huko palikuwa na kiti cha jiwe, kimelika katikati kwa kukaliwa na walinzi wa kale miaka na miaka, na mbele yake tundu moja la kutazamia, upana wa sahani. Tundu la pili halikuwapo.

"Keti, bwana. Tazama."

Jumbe akaketi, akatazama. Bahari hakuiona, bahari ilikuwa nyuma ya mgongo wake. Aliuona ua wake mwenyewe, wenye kuta ndefu zisizochungulika, na ghala yake, mlango wazi, na watumishi wake wakianika mchele usiingie fukusi. Makanda yalipangwa hadi jikoni.

"Hayo ndiyo yote," akasema Mbwarali. "Sikuzidisha, sikupunguza. Aliyejenga simjui, bwana wangu, ila alijua pa kutazama."

Wazee wakachungulia, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akakohoa. Wa pili akasema, "Ghala tupu ina mchele mweupe kweli, mashallah."

Jumbe akataka Mbwarali atupwe papo hapo. Akatafuta pa kumtupia. Kuta zilifika darini, na kwenye lile tundu hapiti hata paka aliyeshiba. Akaona ngazi imezibwa na wazee wawili wasiokuwa na haraka. Basi akacheka, kicheko cha mtu aliyekosa la kufanya, akasema, "Chechele, umenipata. Mchele wao nimewasamehe. Na wewe, kuanzia leo, ndiwe mlinzi wa mnara."

"Kwa ujira gani, bwana?"

"Pishi moja ya mchele kila Ijumaa."

"Mbili," wakasema wazee.

Ikawa mbili. Na toka siku ile, mpishi wa Jumbe hakufunua tena chungu bila kutazama juu mnarani kwanza na kumwamkia mlinzi.